Ramani iliyofuata barabara: kisa cha mtafiti wa udhibiti wa jeni za vimelea vya nagana

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wahadhiri wanaoanza kuendesha maabara zao wenyewe na wanafunzi wa uzamivu wa baiolojia ya molekuli. Mhusika mkuu, ambaye humu anaitwa Dkt. N., amekisoma na kuridhia kitumike kufundishia. Majina ya watu, chuo, wilaya na jarida yameondolewa.

Usuli: mtu na mazingira yake ya kazi

Dkt. N. alipata shahada ya kwanza Tanzania, akaenda Ulaya kwa uzamivu, kisha akarudi kuwa mhadhiri katika chuo kikuu cha umma. Uzamivu wake ulihusu tripanosoma, kimelea kinachobebwa na mbung'o na kusababisha nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Alichunguza protini zinazoshika mRNA za kimelea hicho (nakala za jeni ambazo seli huzitafsiri kuwa protini) na kuamua zipi zidumu na zipi zivunjwe.

Alirudi na mpango wa kuendeleza kazi ile ile. Mpango ulidumu muda mfupi. Kazi yake ilihitaji kufuga vimelea kwenye chupa, katika nyuzi 37, ndani ya kabati lenye hewa ya kaboni dioksaidi, miezi bila kukatika. Umeme ukikatika usiku na jenereta ikichelewa, asubuhi unakuta chupa zimekufa. Vimeng'enya vilivyoagizwa nje vilikaa uwanja wa ndege vikisubiri karatasi za msamaha wa kodi hadi barafu kavu ikaisha. Nitrojeni ya maji alinunua kituo cha uhimilishaji wa ng'ombe, na mgao ulitegemea kama mbegu za madume zimeshatosheka. Wakati huohuo, maabara mbili za Ulaya zilikuwa zinakimbilia jibu hilohilo zikiwa na kila kitu. Moja ilichapisha kwanza.

Hapo alifanya uamuzi wa kwanza, na kwa maoni yangu ndio uliobeba kazi yake yote iliyofuata: aliacha swali la msimamizi wake wa zamani, akatafuta swali ambalo mtu wa Tanzania angeweza kulijibu vizuri kuliko mtu wa Ulaya.

Sayansi inayohitajika kukielewa kisa

Vitabuni, udhibiti wa jeni huanza na bakteria E. koli na kazi ya wanasayansi wa Ufaransa, Jacob na Monod, ya 1961. Protini iitwayo kizuizi hukaa kwenye DNA, laktosi ikija kizuizi huachia, jeni husomwa. Mwanafunzi anatoka darasani akiamini kwamba kuwasha jeni ni kuanza kuisoma.

Tripanosoma hana utaratibu huo kwa jeni zake nyingi. Jeni zimepangwa mfululizo, makumi kwa makumi, na husomwa zote kwa mkupuo mmoja, zinazotakiwa na zisizotakiwa. Uzi mrefu wa RNA unaotokea hukatwa vipande, na kila kipande hubandikwa mwanzoni kipachiko kile kile cha herufi 39. Uamuzi hasa huja baada ya hapo, mRNA ikishakuwepo: iachwe iishi, ivunjwe upesi, au itafsiriwe kuwa protini. Maagizo mengi ya uamuzi huo yako mkiani mwa mRNA, nyuma ya sehemu yenye maelezo ya protini.

Kwa hiyo kiasi cha mRNA unachopima si picha ya DNA inavyosomwa. Ni matokeo ya mvutano kati ya kutengenezwa na kuvunjwa, na mvutano huo unaendelea hadi pale dawa ya kupasulia seli, inayotumika kutoa RNA iliyomo, itakapoua kila kitu. Seli iliyotolewa mwilini lakini bado hai inaendelea kuamua.

Jambo la pili ni maumbo ya kimelea. Ndani ya damu kuna wembamba wanaozaliana, na kuna wafupi wanene ambao wameacha kugawanyika na wako tayari kuingia tumboni mwa mbung'o. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba wafupi hawa wanatambulika kwa protini iitwayo PAD1. Wakishafika kwa mbung'o, hubadili koti la nje: la damuni huvuliwa, na koti la protini iitwayo prosaiklini huvaliwa. mRNA ya prosaiklini kwa kawaida huvunjwa haraka kimelea kikiwa kwenye damu ya mnyama.

Aina nyingi za maabara, zilizofugwa kwa miongo, zimepoteza uwezo wa kuwa wafupi. Vimelea vilivyotoka kwa ng'ombe jana bado wanao. Hapo ndipo Dkt. N. alipoona nafasi yake. Hata aina ambayo jenomu yake (orodha nzima ya DNA yake) ilichapishwa 2005 asili yake ni mbung'o aliyenaswa Kiboko, Kenya, mwaka 1970. Malighafi ilitoka huku, mashine zikawa kule. Swali lake jipya lilikuwa hili: je, vimelea vya maeneo yenye mbung'o wengi hujiandaa mapema zaidi kuhamia kwa mbung'o kuliko vya maeneo yenye mbung'o wachache?

Mfuatano wa matukio

Vilichaguliwa vituo vitatu vya mifugo. Kituo A kilikuwa karibu na lami. Kituo B kilikuwa mwendo wa saa kadhaa kwa barabara ya vumbi. Kituo C kilipakana na pori la akiba, ng'ambo ya mto usio na daraja la kuaminika, na mbung'o walikuwa wengi kweli. Damu ya ng'ombe wenye vimelea iliingizwa kwa panya waliofugwa palepale kituoni. Vimelea vilipoongezeka, damu ya panya ilikusanywa na kupelekwa chuoni kwa uchambuzi.

Mwanafunzi wa uzamivu ndiye aliyesimamia safari. Itifaki ya kubeba sampuli ilitoka kwa wenzao wa uchunguzi wa magonjwa ya mifugo: damu kwenye boksi la barafu. Fundi sanifu mmoja, mzoefu na makini, aliongeza lake. Aligundua kwamba vichupa vikigusa pakiti za barafu moja kwa moja damu inaganda na chembe nyekundu zinapasuka, akaanza kuvifunga kwenye gazeti, kurasa mbili tatu, kabla ya kuviweka. Damu ikawa inafika ikiwa nzuri, na wote walimshukuru.

Upimaji wenyewe ulibuniwa vizuri. Kwa kuwa kila mRNA ya tripanosoma ina kile kipachiko cha herufi 39 na mRNA ya panya haina, walikitumia kama mwanzo wa kunakilishia, hivyo wakapata mRNA ya kimelea bila kusumbuliwa na ya mnyama. Hawakuhitaji mashine ya gharama kubwa.

Matokeo yalisisimua. Prosaiklini ilikuwepo, tena kwenye damu, mahali ambapo haitakiwi kuwepo. Kituo A kidogo, B zaidi, C nyingi. Mstari ulipanda pamoja na wingi wa mbung'o. Maelezo yalijileta yenyewe: pale mbung'o walipo wengi, vimelea vinavyowahi kujiandaa ndivyo vinavyofanikiwa kuambukiza. Mwanafunzi alitengeneza ramani yenye rangi tatu. Ikawasilishwa kwenye mkutano wa kanda, ikapigiwa makofi, na ofisi ya mifugo ya wilaya ikaomba nakala kwa ajili ya kupanga wapi pawekwe vitambaa vya bluu na vyeusi vyenye dawa ya kuua mbung'o.

Andiko likapelekwa jaridani. Mpitiaji mmoja, mtaalamu aliyepewa na jarida kulikagua, aliandika sifa, kisha akauliza kwa sentensi moja: damu ilikaa muda gani, na katika joto gani, kati ya kutolewa kwa panya na kupasuliwa seli?

Andiko lilisema tu "ilisafirishwa kwenye barafu".

Daftari la gari

Dkt. N. alilijua andiko la 2004 lililoonyesha kwamba kushuka kwa joto kwa zaidi ya nyuzi 15, kwa mfano kutoka 37 hadi 20, kunatosha kumfanya tripanosoma aanze kutengeneza prosaiklini. Ni jambo la kueleweka: kimelea kinapotoka kwa mnyama mwenye damu moto na kuingia kwa mdudu, dalili ya kwanza ni baridi. Alikuwa amelisoma wakati wa uzamivu. Ila kwenye maabara ya Ulaya chupa ya vimelea na dawa ya kupasulia seli vilikuwa kwenye meza moja, na swali la safari halikuwahi kumjia mtu yeyote.

Hapakuwa na kumbukumbu za joto. Za muda zilikuwepo, lakini si kwenye daftari la maabara. Gari la chuo lina daftari lake la safari, na dereva, mtu mzima aliyeitwa na wote Mzee, alikuwa anaandika saa ya kuondoka, saa ya kufika, kilomita na kila kilichowachelewesha, kwa sababu mhasibu asipoona saa hasaini posho. Dkt. N. aliomba daftari hilo, wakakaa watatu ofisini: yeye, mwanafunzi na Mzee.

Walikuwa wakisoma sampuli za kituo C zenye prosaiklini nyingi kupita zote.

"Dokta, hizi ni za siku ile mto ulijaa," Mzee alisema. "Tulingoja ng'ambo mpaka maji yakapungua. Tumeingia chuoni usiku sana."

"Na hizi zilizo chini? Nazo ni za C."

"Hizo tulitoka alfajiri, njia kavu, hatukusimama hata kunywa chai."

Mwanafunzi alichora upya, safari hii mlalo ukiwa saa za njiani badala ya jina la kituo. Nukta zilijipanga. La uzito zaidi ni kwamba hata ndani ya kituo C peke yake, ambako mbung'o ni walewale, siku ndefu zilikuwa na prosaiklini nyingi na siku fupi kidogo. Na gazeti la fundi sanifu likapata maana yake: lilizuia damu isifike baridi ya barafu, likaiacha kwenye ubaridi wa wastani ambao ndio hasa unaoamsha prosaiklini.

Walithibitisha kwa jaribio dogo. Damu ya panya mmoja iligawanywa: sehemu ikapasuliwa papo hapo kwa dawa, nyingine zikafungwa kwenye gazeti, zikawekwa kwenye boksi lilelile, zikatolewa kwa zamu kadiri saa zilivyokwenda. Kipimajoto kiliachwa ndani. Prosaiklini ya sehemu ya kwanza ilikuwa karibu haionekani, na zilizofuata zilipanda kila muda ulivyopita.

Maamuzi na sababu zake

Mbele yake kulikuwa na njia mbili zenye watetezi. Mwandishi mwenza wa Ulaya alishauri waongeze sentensi kwenye sehemu ya mapungufu, wajibu mpitiaji kwa heshima, wachapishe. Mkuu wa Idara, bila kumshurutisha, alimkumbusha kwamba dirisha la kupandishwa cheo linafungwa mwaka ule na bila andiko hilo alama hazitimii. Wote wawili walikuwa na hoja. Sentensi ya mapungufu ni kawaida kabisa katika maandiko, na mtu aliyekaa mhadhiri miaka mingi ana haki ya kuangalia mshahara wake.

Dkt. N. aliliondoa andiko. Sababu alizotoa kwa maandishi kwa wenzake zilikuwa mbili. Kwanza, hapakuwa na kitu cha kuokoa: kituo na umbali vilikuwa kitu kimoja katika mpango wao, na hakuna hesabu inayoweza kutenganisha vitu ambavyo havikuwahi kutenganishwa wakati wa kukusanya. Pili, ramani ilikuwa tayari imetoka mikononi mwao.

Hilo la pili ndilo alilolishughulikia kwanza. Hakutuma barua pepe. Alikwenda wilayani mwenyewe na kumweleza afisa mifugo kwamba ramani isitumike. Afisa alisikiliza, akasema vitambaa vitabaki ng'ambo ya mto kwa sababu mitego yake ya kuhesabu mbung'o ndiyo iliyompeleka kule, ramani ilikuwa nyongeza tu. Alichoomba ni barua ya kuiondoa, ili asije akaulizwa baadaye. Alipewa. Waandaaji wa mkutano wa kanda nao walitumiwa marekebisho.

Kwa mwanafunzi uamuzi ulikuwa mgumu zaidi. Sura tatu za tasnifu zilisimama juu ya ramani. Walikubaliana kwamba jaribio la boksi lipanuliwe liwe sura kamili: muda, joto, aina ya vichupa, na njia ya kutuliza damu, yaani kuzuia mRNA yake isibadilike, palepale kizimbani mwa panya. Kwa hilo walitumia mchanganyiko mzito wa amonia salfeti, ambao kanuni yake inajulikana na unachanganywa maabara yoyote yenye mizani na kipima pH. Kituo C kikaanza kupelekewa chupa za mchanganyiko huo badala ya pakiti za barafu.

Matokeo

Sampuli mpya, zilizotulizwa papo hapo, zilifuta tofauti ya prosaiklini kati ya vituo. Andiko la njia ya ukusanyaji lilichapishwa katika jarida dogo kuliko lile la kwanza. Maabara nyingine zinazofanya kazi vijijini ziliomba itifaki, na kutokana na hizo Dkt. N. alipata washirika wawili wa utafiti ndani ya Afrika Mashariki, jambo ambalo miaka ya kushindana na Ulaya haikumpa.

Cheo kilichelewa hadi duru iliyofuata. Mwanafunzi alihitimu, amechelewa, na miezi ya mwisho alikuwa hana posho.

Swali la awali halikufa. Kwa sampuli safi wanapima sasa PAD1, ambayo inaonyesha wafupi walio tayari, na bado hawana jibu wanaloweza kulisimamia.

Uchambuzi

Nianze na kilichofanya kazi, ambacho ni kuchagua swali. Wahadhiri wengi wanaorudi hukaa miaka wakijaribu kuijenga upya maabara ya msimamizi wao, mashine kwa mashine. Dkt. N. aliangalia alichonacho ambacho mwingine hana, yaani vimelea vibichi na uwezo wa kuvifikia, akajenga hapo. Kipachiko cha herufi 39 kilikuwa chaguo la aina hiyo hiyo: alitumia tabia ya kimelea badala ya kununua mashine. Hata baada ya ramani kuanguka, vyote viwili vilibaki.

Kosa la msingi watu hupenda kuliweka kwenye gazeti la fundi sanifu. Sikubaliani. Fundi aliona tatizo halisi na akalitatua; hakuna aliyemweleza kwamba kinachopimwa ni mRNA, wala kwamba mRNA ya kiumbe huyu inabadilika njiani. Kwa DNA, gazeti lake lingekuwa sahihi kabisa. Kosa lilikuwa kuchukua itifaki iliyotengenezwa kwa swali moja na kuitumia kwa swali jingine bila kuuliza ilitengenezwa kwa nini. Katika kiumbe ambaye udhibiti wake mwingi unafanyika baada ya jeni kusomwa, saa kati ya mnyama na dawa ya kupasulia ni sehemu ya jaribio. Sampuli moja tu ya saa sifuri kwa kila safari, iliyopasuliwa palepale, ingelionyesha tatizo wiki ya kwanza.

Kosa la pili lilikuwa la mpangilio. Vituo vitatu, kila kimoja na umbali wake, maana yake ni kwamba chochote kinachobadilika na umbali kingeonekana kama kinabadilika na mbung'o. Kungehitajika kituo cha mbali chenye mbung'o wachache, au cha karibu chenye mbung'o wengi. Bajeti ya mafuta ilikuwa finyu, naam, lakini kuongeza kituo cha nne kungegharimu kidogo kuliko kurudia kazi yote.

Kuna jingine ambalo mpitiaji hakuliuliza na lingestahili. Walilinganisha prosaiklini na jeni ya tyubulini, protini ya kiunzi cha seli, wakidhani tyubulini haibadiliki. Vimelea vinapokuwa wafupi, mRNA yao kwa ujumla hupungua, kwa hiyo kipimio chenyewe husogea. Katika kazi mpya wanatumia jeni zaidi ya moja za kulinganishia, na walizijaribu kwanza.

Kuhusu ramani: kuwasilisha kazi mkutanoni kabla haijapitiwa ni kawaida. Kuikabidhi kwa ofisi itakayoitumia kupanga vifaa ni kitu tofauti, na tofauti hiyo haikujadiliwa na mtu yeyote siku ile. Uamuzi wa kwenda wilayani ana kwa ana ulisaidia sana. Afisa yule bado anawapa sampuli.

Daftari la gari lisichukuliwe kama bahati. Lilikuwepo kwa sababu kuna mtu aliyekuwa analidai. Maabara ilikuwa na daftari zuri zaidi lenye jalada gumu, lakini hakuna aliyekuwa anakagua safu ya saa, na ndiyo maana ilikuwa tupu.

Mwandishi mwenza wa Ulaya hana budi kutajwa. Jina lake lilikuwa kwenye andiko, na utafiti wa 2004 alikuwa anaujua vizuri kuliko wote. Alisoma rasimu mbili, akarekebisha Kiingereza na michoro. Hakuuliza damu ilisafiri vipi. Ushirikiano wa namna hiyo huonekana mzuri kwenye maombi ya ruzuku, lakini kazini ulikuwa wa jina tu.

Linalobaki bila majibu ni la mwanafunzi. Kila mtu katika kisa hiki alifanya uamuzi kuhusu sayansi yake mwenyewe. Yeye alilipia uamuzi uliofanywa na wengine, tangu itifaki hadi mpangilio wa vituo. Idara sasa inataka pendekezo la uzamivu lenye kazi ya uwandani lieleze angalau sura moja isiyotegemea matokeo ya sura nyingine, na fomu ya ukusanyaji wa sampuli ina nafasi ya saa na joto ambayo msimamizi lazima aisaini. Posho ya mwanafunzi ambaye kazi yake imelazimika kurudiwa bado haina kifungu.